Ukingo wa Karatasi Isiyokuwapo

Katika chapa ya msanii Robert Rauschenberg iitwayo Currents, ya mwaka 1970, hakuna kipande hata kimoja cha gazeti. Vichwa vya habari vimo, picha zimo, matangazo ya biashara yamo, na safu za maandishi zimelala huku ubavu, kule kichwa chini. Jicho liko tayari kuapa kwamba mtu aliketi hapa na mkasi na gundi. Kumbe uso wote ni laini, na juu yake pana wino tu. Mkasi na gundi vilipita kweli, ila vilipita mahali pengine, kabla ya chapa kuzaliwa. Tunachokitazama ni kazi ya mafundi waliopewa jukumu la kuhamisha mkato bila kuhamisha karatasi iliyokatwa.

Chapa yenyewe ina kimo cha futi 6 na urefu wa futi 54, yaani karibu mita 1.8 kwa mita 16 na nusu. Huwezi kuisoma ukiwa umesimama mahali pamoja. Unatembea, unainamisha shingo, unarudi nyuma hatua mbili, unaendelea. Wengi hupita kwa haraka wakidhani wameshaelewa: ni magazeti, basi. Mimi naamini hapa ndipo penye uigaji mgumu kuliko mwingi unaosifiwa katika sanaa. Mchoraji anayeiga embe kwa rangi ya mafuta anasaidiwa na tofauti iliyopo kati ya tunda na turubai, na sisi tunastaajabu kwa sababu tunaijua tofauti hiyo. Fundi wa chapa anayeiga gazeti anatumia wino juu ya karatasi kuiga wino juu ya karatasi. Hana pa kujificha. Akikosea kidogo anapata gazeti baya, na akipatia kabisa watu wanadhani hakufanya kitu.

Inafaa kuanza na karatasi, kwa maana humo ndimo tatizo lilimoanzia. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, huachwa humo humo kwa sababu kuiondoa ni gharama. Mwanga na hewa vikiigusa, lignini hubadilika rangi. Karatasi inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha inavunjika ukiikunja. Hakuna aliyekusudia idumu, maana ilikusudiwa isomwe asubuhi na ifungiwe karanga jioni. Georges Braque na Pablo Picasso walipoanza kubandika karatasi kwenye michoro yao mwaka 1912, waliingiza katika sanaa kitu chenye umri mfupi sana. Kuna kazi ya Picasso ya mwishoni mwa mwaka huo, iliyoko katika jumba la makumbusho la McNay huko San Antonio, Texas, yenye gitaa, karatasi ya muziki, glasi, na kipande cha gazeti la Paris, Le Journal, la tarehe 10 Novemba, kikiwa na habari ya vita vya Balkani. Gazeti lile lilipobandikwa lilikuwa na weupe wa kijivu hafifu. Karatasi za namna hiyo leo zimekwisha kuwa za kahawia, na uwiano wa rangi ambao msanii aliupima kwa jicho lake siku ile hauwezi kurudishwa na mtu yeyote.

Anayechagua kuchapa badala ya kubandika anaokoa jambo moja na kupoteza jingine. Anaokoa habari, kwa kuwa wino mzuri kwenye karatasi nzuri utaendelea kuonekana wakati gazeti lenyewe limegeuka vumbi. Anapoteza mwili wa gazeti: wembamba wake, maandishi ya ukurasa wa nyuma yanayoonekana kwa mbali, kile kinyweleo cha nyuzi pale lilipochanwa kwa mkono. Ufundi wote wa chapa ya aina hii unakaa katika kuamua ni kipi kati ya vitu hivyo kitarudishwa kwa wino na kipi kitaachwa kiende.

Rauschenberg, aliyezaliwa Port Arthur, Texas, mwaka 1925, hakufika kwenye Currents kwa mkurupuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akibandika magazeti kwenye turubai na kuyafunika kwa rangi nyeusi, kiasi kwamba gazeti lilibaki kama ngozi iliyokunjamana chini ya rangi. Baadaye akajifunza kulitoa gazeti picha yake na kuliacha lenyewe. Alilowesha picha kwa kimiminika kinacholegeza wino, akailaza kifudifudi kwenye karatasi ya kuchorea, akasugua mgongoni kwa kalamu mstari kwa mstari. Ukifunua, picha imehama, imegeuka kushoto kulia, na kila msuguo wa kalamu unaonekana kama mvua ya mistari iliyoinama. Kwa njia hiyo alitengeneza michoro 34 ya Inferno ya Dante kati ya 1958 na 1960. Wanariadha na wanasiasa wa majarida ya Marekani wakageuka watu wa jehanamu ya Kiitalia, wepesi kama moshi.

Mwaka 1962 aliingia katika karakana ya litografia ya Tatyana Grosman, Universal Limited Art Editions, iliyokuwa nyumbani kwa mama huyo huko West Islip, Long Island. Litografia ni uchapaji wa jiwe: unachora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalowesha jiwe kwa maji, kisha unapitisha wino, nao unashika penye mafuta na kukimbia penye maji. Rauschenberg alifika na vibao vya chuma vya kuchapia picha vilivyotupwa na magazeti. Alivipaka wino wa mafuta akavigandamiza juu ya jiwe. Napenda sana hatua hii. Chombo cha gazeti chenyewe, kile kile kilichotoa picha kwa maelfu ya wasomaji, kinaletwa kwenye jiwe la polepole ambapo kila nakala inavutwa kwa nguvu za mikono na kukaguliwa moja moja. Mwaka uliofuata jiwe lilimvunjikia mashinini, akaweka jingine, nalo likavunjika. Aliamua kuchapa kwa jiwe hilo lililovunjika, na ufa mweupe ukapita katikati ya picha kama barabara. Chapa hiyo, Accident, ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya kuchapa huko Ljubljana mwaka 1963.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akichapa kwa skrini, yaani kwa wavu, kwenye turubai kubwa, na baada ya kupata tuzo kuu ya uchoraji huko Venice mwaka 1964 aliagiza skrini zilizobaki studio ziharibiwe, asije akajirudia. Kwa hiyo mwaka 1970 alipoitumia skrini kwa Currents, alijua anafanya nini. Safari hii gazeti lilikuwa kazi yenyewe. Alikusanya magazeti ya mwanzo wa mwaka huo, akakata, akapanga, akabandika. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, Biafra ilikuwa imesalimu amri katikati ya Januari, na kesi ya wapinga vita wa Chicago ilifikia hukumu Februari 18. Kutokana na kolaji hizo, yaani kazi za vipande vilivyobandikwa, zilitoka chapa kubwa ya futi 54 na misururu miwili ya chapa ndogo za mraba, mmoja wa chapa 26 na mwingine wa 18. Uchapaji ulifanywa na Styria Studio, na wachapishaji walikuwa Dayton's Gallery 12 ya Minneapolis pamoja na Castelli Graphics ya New York.

Sasa tuingie karakana, kwa maana hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Uchapaji wa skrini unaanza na fremu iliyowambwa kitambaa cha wavu, zamani hariri, siku hizi poliesta au nailoni. Kitambaa kinapakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Juu yake inalazwa filamu yenye picha nyeusi, kisha taa inawashwa. Mahali ambapo mwanga umepita, dawa inakuwa ngumu. Palipozibwa na weusi wa filamu, dawa inabaki laini na kuoshwa kwa maji, na matundu ya wavu yanafunguka. Wino unamiminwa upande mmoja wa fremu, unasukumwa kwa raba ndefu yenye mpini wa mbao, unapenya kwenye matundu hayo tu, na picha inakaa chini. Fundi yeyote anayechapa fulana za kampeni au sare za kwaya anaijua njia hii. Ila fulana inasamehe mengi ambayo gazeti haliwezi kusamehe.

Picha ya gazeti tayari imeundwa kwa nukta. Gazeti la enzi ile lilichapa picha zake kwa mistari ya nukta takriban 26 katika sentimita moja, kwa hiyo sentimita moja ya mraba ya shavu la rais au la askari ilikuwa na nukta zaidi ya 600, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Ukiipiga picha hiyo na kuipitisha upya kwenye mpangilio mwingine wa nukta, nukta za zamani na mpya zinagombana, na juu ya shavu lile panatokea mawimbi na miraba ambayo haikuwapo. Wachapaji wanaliogopa jambo hili kuliko wino kumwagika. Dawa yake ni kutoitafsiri picha upya. Fundi anatumia filamu kali isiyojua kijivu, inayojua nyeusi na nyeupe peke yake, na anainakili kila nukta kama ilivyo, kana kwamba ni herufi. Nukta iliyovimba kwa sababu mashine ya gazeti ilikuwa na wino mwingi alfajiri ile inabaki imevimba. Nukta iliyokosekana inabaki imekosekana.

Hata hapo hajamaliza. Wavu wa skrini nao ni mistari na matundu, na unaweza kugombana na nukta kwa namna ile ile. Kwa hiyo wavu lazima uwe mwembamba mara nne au tano kuliko mpangilio wa nukta, yaani nyuzi kama 120 katika sentimita moja, na filamu igeuzwe pembe kidogo kidogo juu ya wavu mpaka mawimbi yatulie. Hakuna jedwali linalotoa pembe hiyo kwa uhakika. Unaizungusha filamu, unatazama, unazungusha tena. Kisha wino: ukiwa mzito hautapita kwenye matundu madogo kiasi hicho, na ukiwa mwepesi utatambaa baada ya kutua, na vitundu vya ndani ya herufi kama e na a vitaziba. Herufi za habari ndogo za gazeti zina kimo cha milimita mbili hivi. Herufi ikiziba kidogo, bado inasomeka. Zikiziba nyingi, ukurasa unageuka ukungu na jicho linaacha kuamini.

Kisha kuna ukingo. Katika kolaji halisi unauona ukingo wa kipande kwa sababu karatasi ina unene, hata uwe mdogo namna gani, na unene huo unatupa kivuli chembamba. Filamu kali inakiua kivuli hicho, kwa sababu kivuli ni kijivu, na kijivu hakina nafasi kwenye filamu ile. Kwa hesabu, mikato yote ingepaswa kutoweka na vipande vyote kuyeyuka kuwa ukurasa mmoja. Mbona basi tunaiona mikato waziwazi? Kwa sababu maneno yamekatika. Safu ya habari inafika mahali na sentensi inakufa katikati ya neno, na karibu yake linaanza neno jingine la habari nyingine, kwa herufi za unene mwingine, limeinama kwa nyuzi chache. Picha ya umati inaishia ghafla penye bega la mtu, na bega la pili ni tangazo la biashara. Ukingo tunauchora wenyewe kwa akili, kwa sababu tunajua gazeti huwa haliandikwi hivyo. Fundi anachotakiwa ni kuzilinda dalili hizo: asinyooshe kilichoinama, asifute nusu ya herufi iliyobaki kwenye mkato kwa kudhani ni uchafu. Msaidizi mwenye bidii na brashi ya kurekebishia filamu anaweza kuiharibu kolaji nzima kwa kuisafisha.

Ninapoitazama Currents kwa jicho hili, jambo linalonishika ni usawa wake. Katika kolaji ya kubandika kila kipande kinakuja na mwili wake: karatasi ya gazeti hili ni nyeupe zaidi, ya lile ina wekundu, kipande hiki kimekunjwa, kile kimepakwa gundi nyingi kikajikunyata. Kila kimoja kinaendelea kudai kwamba kilitoka kwao. Chapa inavivua vyote madai hayo. Kichwa cha habari cha vita na bei ya bidhaa dukani vinapata wino mmoja, ngozi moja, weusi mmoja. Mhariri wa gazeti alikuwa amepanga cheo cha kila habari kwa ukubwa wa herufi na nafasi ya ukurasa. Msanii aliuvunja mpangilio huo kwa mkasi. Mchapaji akamaliza kazi kwa kuvipa vipande vyote uso wa namna moja, na ndipo tunaposhtuka, kwa sababu hatuna tena msaada wa kujua kipi tukipe uzito. Inabidi tusome, na tuamue wenyewe. Naona hilo kuwa jambo zito ambalo kolaji halisi isingeweza kulifanya, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema chapa ya aina hii ni kivuli cha kazi ya kweli iliyobaki studio.

Tamaa ya kuiga karatasi zilizobandikwa ni ya zamani kuliko Rauschenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1700, wachongaji wa Uingereza walichapa kwa vibao vya shaba picha zinazoonekana kama karatasi zilizotawanyika mezani, moja ikifunika pembe ya nyingine. Huko Japani, Hiroshige alitengeneza kurasa za picha mchanganyiko, kana kwamba zimebandikwa kwenye kiwambo cha chumba, zote zikiwa zimechapwa kwa vibao vya mbao. China ilikuwa na wachoraji walioiga kwa brashi mabaki ya karatasi zilizoungua na kuliwa na wadudu. Na miaka miwili hivi kabla ya Currents, Mwingereza Richard Hamilton alikusanya habari za kukamatwa kwa mwanamuziki Mick Jagger na Robert Fraser, mwenye jumba la sanaa lililouza kazi za Hamilton, akazipanga na kuzichapa kama bango huko Milan kwa litografia ya ofseti, akaongeza madoa ya rangi. Bango lile ni la ukali na la haraka, kama ugomvi. Kwa ufundi wa mkono, bado ninaipenda zaidi skrini, kwa sababu wino wake unakaa juu ya karatasi na kuwa na mwili kidogo, mwili mpya badala ya ule uliopotea.

Yupo mmoja ambaye hakuridhika na kupoteza mwili wa gazeti hata kidogo. Kimiyo Mishima, aliyezaliwa Osaka mwaka 1932 na kufariki mwaka 2024, alianza kwa kuchora na kubandika magazeti kwenye turubai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia kwenye udongo wa mfinyanzi. Aliutandaza ukawa mwembamba, akachapa juu yake kurasa za magazeti kwa skrini, kisha akaukunja na kuukunjamanisha ungali na unyevu, ukakauka, ukachomwa tanuruni. Wino wa kawaida ungeteketea kwenye moto ule, hivyo uchapaji wa aina hii unatumia rangi za madini, zinazoiva pamoja na udongo. Matokeo yake ni gazeti lililokunjwa na kutupwa, lenye mikunjo yote na pembe zilizojisokota, lakini likianguka linavunjika vipande. Fikiria ugumu wake: udongo ukikauka unasinyaa, na herufi zinasinyaa nao. Ukiukunja mapema mno unajishika na kuchafua maandishi, na ukichelewa unapasuka kwenye mkunjo. Saa ya kukunja inajulikana kwa mkono tu. Huko Jonanjima, Tokyo, kazi yake moja imetandaza sakafuni zaidi ya matofali 10,000 yaliyochapwa habari za magazeti ya karne ya 20. Rauschenberg alilitoa gazeti roho akaiweka kwenye karatasi bora. Mishima aliurudisha na mwili, wenye uzito wa jiwe na udhaifu wa kikombe.

Kazi hizi mbili zinanifanya niwe na dai moja kwa majumba ya makumbusho. Kwenye kibao kilicho kando ya chapa tunasoma jina la msanii, mwaka, vipimo, na maneno machache kuhusu njia ya uchapaji. Jina la karakana huja mwishoni kwa herufi ndogo, pengine lisitajwe kabisa, na majina ya walioshika raba hayaonekani. Katika chapa ya namna hii, mtu aliyezungusha filamu mpaka mawimbi yakatulia usoni mwa askari, na aliyekataa kuifuta nusu ya herufi pale mkasi ulipopita, amefanya maamuzi tunayoyaona kwa macho. Yaandikwe majina yao, kwa herufi za kimo kile kile na za jina la msanii.